Kukua kwa Mtungaji wa Hadithi: Kipaji, Mazoea na Mazoezi

Katika Kiswahili mtu hutunga shanga, hutunga maua, hutunga samaki, na hutunga hadithi. Tendo ni moja: kupitisha uzi katika vitu vilivyotawanyika, kimoja baada ya kingine, hata vikawa kitu kimoja chenye mpango. Kwa neno hili lugha yaishuhudia kazi ya mtungaji kuwa ni kazi ya mkono na ya subira. Lakini watu wanenapo juu ya watungaji mashuhuri aghalabu huliacha neno hilo, wakashika neno kipaji, lenye kuhusiana na tendo la kupa, kana kwamba aliyepewa amekwisha kupewa na aliyenyimwa hana la kufanya. Makala haya yaeleza jinsi mtungaji wa hadithi za nathari akuavyo kwa mwelekeo wa akili yake na kwa desturi zake za kila siku, na mifano yake yatoka katika maisha na kazi za watungaji wa Kiswahili wajulikanao. Kipaji hakikanushwi. Linalokanushwa ni ile dhana ya kwamba kipaji peke yake chatosha, au kwamba hakilishwi wala hakifi njaa.

Suala hili lina uzito zaidi kwa nathari kuliko kwa ushairi, na sababu yake ni ya kihistoria. Mshairi wa Kiswahili alikuwa na chuo chake tangu zamani, ijapokuwa chuo hicho hakikuwa na kuta. Alisikia tungo zikiimbwa, akavijua vina na mizani kwa sikio kabla ya kuvijua kwa kalamu, akajibizana na malenga wenzake. Na gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, akapata uwanja wa kushindana mbele ya umma. Kosa la mizani lilionekana papo hapo, na mwenye kulifanya aliambiwa. Mtungaji wa hadithi ndefu ya nathari hakurithi chuo cha namna hiyo. Msimulizi wa ngano alikuwapo, na sanaa yake ni kubwa, lakini ngano husaidiwa na sauti, uso, mikono, na wasikilizaji waitikiao. Hadithi iliyoandikwa haina msaada huo. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934, huhesabiwa miongoni mwa masimulizi marefu ya kwanza ya nathari ya Kiswahili cha siku hizi; nayo ni fani changa ikilinganishwa na tenzi zilizotangulia kwa karne kadha. Mtungaji wa nathari hana mizani ya kumwonya anapopotoka. Hapana budi ajiwekee mwenyewe kanuni ambazo mshairi amezikuta zimekwisha wekwa na wahenga wake.

Kutenga wakati

Kanuni ya kwanza ni ya wakati. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hakupata kuishi kwa kalamu ya utungaji peke yake katika miaka ya utumishi wake. Tangu mwaka 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha; baada ya hapo alitumikia idara ya mifugo, kisha ofisi ya jimbo huko Tanga, na hatimaye idara ya upimaji wa ardhi. Kalamu yake ilifanya kazi ya serikali mchana, na kazi yake mwenyewe katika saa zilizobaki. Juu ya hayo aliandika barua. Zile alizompelekea ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na zikachapishwa mwaka 2002; nazo zaonyesha mtu ambaye kuandika kwake hakukuwa tukio la mara moja bali ni sehemu ya maisha, sawa na chakula na sala.

Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga juu ya vita vikuu vya pili vya dunia, una beti zipatazo 3,000. Hesabu hiyo hutisha ikitazamwa kwa jumla. Lakini mtu atungaye beti tatu kila siku hufikia beti 3,000 kwa siku 1,000, yaani muda usiotimia miaka mitatu. Hesabu ya nathari ni nyepesi zaidi: maneno 300 kwa siku, ambayo ni ukurasa mmoja tu, huwa maneno 60,000 kwa siku 200, nayo ni riwaya ya kadiri. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika utungaji methali hii ni hesabu hasa, wala si faraja tu. Amngojeaye msisimko ndipo aandike, huandika siku chache katika mwaka, na kila arudipo kwenye mswada huwakuta watu wake wamekuwa wageni machoni pake. Aandikaye kila siku hukaa nao. Huenda nao sokoni na kurudi nao, na mengi ya hadithi humjia wakati ambapo kalamu haimo mkononi.

Kutazama na kusikiliza

Kanuni ya pili ni ya macho na masikio. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeishi kati ya mwaka 1918 na 1991, alitumikia idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti mwaka 1948, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la kilimo lililoitwa Mkulima. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi avutaye kiko, ambaye sifa yake kubwa ni kukiona kile ambacho wengine wamekitazama bila ya kukiona. Ni vigumu kuamini kwamba mtu angeweza kumbuni mpelelezi wa namna hiyo pasipo yeye mwenyewe kuwa na mazoea ya kutazama; na kazi za ukaguzi na za gazeti zote mbili humlazimisha mtu kutazama, kuuliza na kuandika kwa ufupi.

Mtungaji asiyekuwa na kazi kama hizo aweza kujizoeza kwa njia itumiwayo na wachunguzi wa lugha. Huchukua daftari dogo, akaandika neno au msemo alivyousikia, pamoja na msemaji alikuwa nani kwa umri na hali, alikuwa akisema na nani, na jambo gani lilikuwa likitendeka. Neno lililoandikwa peke yake ni la kamusi. Likiandikwa pamoja na mahali pake ni mbegu ya hadithi. Kijana aliyezoea kumwamkia jirani yake kwa “shikamoo”, kisha siku moja akapita akisema “habari za leo” tu, ametoa habari kubwa bila ya kutoa tusi. Mwanamke wa pwani aliyekwisha kusengenywa hana haja ya kujibu kwa kinywa. Huvaa kanga yenye maneno yafaayo, akapita mbele ya baraza ya msengenyaji polepole. Mtungaji aliyeyaandika mambo haya katika daftari lake hahitaji kumwambia msomaji ya kwamba watu wawili wamechukiana. Asiyeyaandika huambulia sentensi moja tu, “walichukiana sana,” nayo haimfikishi msomaji popote.

Kusoma kama fundi

Kanuni ya tatu ni ya kusoma. Msomaji wa kawaida husoma apate kujua yaliyotokea. Mtungaji yampasa kusoma mara ya pili apate kujua yalitokezwaje. Fundi wa mashua akiona chombo cha mwenziwe hutazama maungo ya mbao kabla ya kuisifu tanga. Maungo ya hadithi ya Kiswahili yamo kwa sehemu kubwa katika viambishi vya nyakati, na hapo ndipo uanagenzi wa mtungaji uonekanapo upesi zaidi.

Mwanafunzi aweza kuandika hivi: “Akaamka, akanawa, akanywa chai, akatoka, akakutana na Mzee Hamisi, akamwamkia.” Hakuna kosa la sarufi. Kiambishi -ka- ndicho kiambishi cha masimulizi, na kila tendo limefuata lililolitangulia. Lakini matendo yote sita yamepewa uzito mmoja, na msomaji hajui lipi la kushika. Mtungaji aliyekomaa angaliweza kuyapanga hivi: “Alipoamka maji ya mtungi yalikuwa yamekwisha. Akatoka bila ya kunawa; na Mzee Hamisi, aliyekuwa akifagia baraza, akajifanya hakumwona.” Hapa -li- na -me- zimeweka hali, -ki- imeweka tendo liendelealo nyuma ya mengine, na -ka- imebakizwa kwa hatua mbili tu: kutoka kwa huyu, na kule kujifanya kwa mzee. Hatua ya pili ndiyo igeuzayo hadithi. Mambo haya hayafundishwi na kipaji. Hujifunzwa kwa kuchukua ukurasa wa mtungaji stadi, kupigia mstari kila kiambishi cha wakati, na kuuliza kwa nini kimewekwa hicho wala si kingine.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alizifanyia kazi za Shaaban Robert uchunguzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakati huo alikuwa amekwisha kutoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Afunguaye vitabu vya watu hawa wawili hatadhani kwamba mmoja ni kivuli cha mwingine. Shaaban Robert huwapa watu wake majina ya sifa zao na kuwaongoza kwenye funzo. Kezilahabi huwaacha watu wake katika mashaka, na mara nyingi katika mauti. Kumsoma mtangulizi kwa bidii hakukumfanya kuwa mwigaji. Mtu hawezi kuiacha njia kwa hiari yake mpaka aijue.

Kurudia na kusahihisha

Kanuni ya nne ni ya kurudia, na mfano wake mkubwa ni Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokosa watoto, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Mwishowe aliifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa katika mabuku mawili mwaka 1980, miaka 35 baada ya mswada wa kwanza. Mwaka uliofuata alifariki.

Ajifasiriye mwenyewe hufanya masahihisho yaliyo magumu kuliko yote, kwa sababu kila sentensi humwuliza inafanya kazi gani. Neno la Kikerewe lisilokuwa na mwenziwe katika Kiswahili humlazimisha mtungaji kuchagua: ama aliache, ama alieleze, ama alionyeshe kwa tendo. Mtungaji wa lugha moja hapati mlazimishaji wa namna hiyo, kwa hiyo yampasa kujitafutia. Njia zilizo nyepesi ni tatu. Ya kwanza ni kuuweka mswada kando kwa majuma kadha, hata ukawa kama umeandikwa na mtu mwingine. Ya pili ni kuusoma kwa sauti; sikio la Kiswahili, lililozoea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, huchoka upesi na “ambaye” inayofuatana na “ambaye”, hali jicho lilikwisha kuipitia bila ya kusema neno. Ya tatu ni kulitafuta kila neno la hisia na kuliuliza kama halingeweza kugeuzwa kuwa tendo. “Alikasirika sana” ni taarifa. “Alikirudisha kikombe kikiwa kimejaa, akavaa viatu, wala hakuaga” ni hadithi.

Akili ya kubuni

Desturi hizi nne zingeweza kumfanya mtu kuwa karani mwema wa mambo ya watu. Ili awe mtungaji wahitajiwa mwelekeo wa akili, nao waweza kuelezwa kwa sarufi pia. Shaaban Robert aliviita viwili katika vitabu vyake Kusadikika na Kufikirika. Majina yote mawili ni ya nchi, na yote mawili yametokana na kitenzi kilichotiwa kiambishi -ik-, chenye maana ya kuwezekana kutendwa: nchi iwezayo kusadikiwa, nchi iwezayo kufikiriwa. Katika Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, mshitakiwa Karama ajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Swali moja, kwamba nchi ingekuwaje kama ingaliyasikiliza mafunzo ya watu wake, limezaa safari sita.

Kubuni, basi, ni kukaa katika kiambishi -nge- kwa muda mrefu kuliko watu wengine. Mtu wa kawaida husema, “Ningekuwa mimi ningemjibu,” kisha akaenda zake. Mtungaji hubaki: angemjibu nini, na aliyejibiwa angefanya nini, na nani angekuwa amesikia nyuma ya mlango. Mazoezi yake ni rahisi kuyaeleza. Achukue tukio dogo la jana, alibadilishe jambo moja tu, kisha aandike matokeo matatu mbalimbali. La kwanza mara nyingi litakuwa lile ambalo kila mtu angelitarajia. La pili litakuwa kinyume chake. La tatu ndilo litakalomtaka kufikiri. Akili izoezwayo hivyo haiogopi ukurasa mtupu, kwa kuwa imezoea kuyaacha majibu mawili ya kwanza.

Hatari ya mazoea

Hapa yafaa kutenganisha maneno mawili yatokayo katika shina moja. Kutoka kuzoea twapata mazoea. Kutoka kuzoeza twapata mazoezi. La kwanza humjia mtu lenyewe, la pili hulifanya kwa kusudi. Wazee walisema mazoea yana taabu, na taabu yake kwa mtungaji ni hii: desturi iliyomwezesha kuandika kitabu cha kwanza yaweza kumlazimisha kukiandika tena kwa jina jingine. Amekwisha kujua mlango upi hufunguka kwa urahisi, basi hupita huo huo kila mara.

Kezilahabi ni mfano wa aliyeikwepa hatari hiyo. Baada ya Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975 na Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, angaliweza kuendelea na riwaya za maisha ya vijijini na mijini ambazo wasomaji walikwisha kumzoea nazo. Alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vifupi vyenye ndoto, mafumbo na safari zisizo na ramani. Wako waliovipenda na wako walioviona vigumu. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba mtungaji wake alikuwa amelala katika mazoea. Adam Shafi naye, alipoandika Kuli mwaka 1979, alikwenda mahali pengine pa kujifunza: mgomo wa makuli wa bandarini Unguja wa mwaka 1948. Mtungaji achukuaye jambo la historia hulazimika kujua mizigo ilibebwaje, watu walilipwaje na walisema nini. Na elimu hiyo mpya humtoa katika nyumba aliyoizoea.

Thamani ya miswada

Lipo jambo moja lililobaki, nalo lawahusu wachunguzi wa lugha na fasihi kuliko watungaji. Kukua kwa mtungaji hakuonekani katika vitabu vilivyochapishwa peke yake. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitolewa baada ya mwenye kuvitunga kufariki. Kazi ya Kitereza ilikaa sandukuni kwa muda ambao mtoto huzaliwa, akakua, akaoa. Kama mswada ule ungaliliwa na mchwa, historia ya riwaya katika nchi hii ingaliandikwa bila ya jina lake, na hapana mtu angalijua kwamba kuna kilichopungua.

Tena, miswada yenye masahihisho ndiyo ushahidi wa pekee wa namna watungaji wajifunzavyo. Kitabu kilichochapishwa huonyesha sentensi iliyoshinda; mswada huonyesha zile zilizoshindwa na sababu zake. Mwalimu afundishaye Vuta n’Kuvute au Nyota ya Rehema darasani, akiwa na kitabu kilichotimia peke yake, huwaachia wanafunzi dhana ya kuwa kimeshuka kikiwa kamili, na kwamba wao, ambao sentensi zao za kwanza ni chechefu, hawakupewa. Akiweza kuwaonyesha ukurasa mmoja tu uliokatwakatwa kwa wino, atakuwa amewafundisha zaidi ya mhadhara mzima juu ya kipaji. Yafaa basi vyuo na jamaa za watungaji wazitafute karatasi hizo mapema, hali wenyewe wangali hai na waweza kueleza kwa nini mstari fulani ulifutwa.

Kwa muhtasari, mtungaji wa hadithi hukua kwa kutenga saa yake kila siku hata kama ni fupi, kwa kuandika asikiayo pamoja na mahali pake, kwa kusoma apate kujua maungo, kwa kurudia kazi yake mpaka kila sentensi iwe na jibu, na kwa kukaa katika swali la ingekuwaje wakati wengine wamekwisha kuondoka. Kisha hujihadhari na mazoea hayo hayo yasije yakamtawala. Karani wa forodha na mhariri wa gazeti la wakulima walianza na saa zile zile ishirini na nne ambazo kila mtu anazo.